UZI: Marudio ya Jiografia ya ngazi ya juu – acha kumeza madesa, jifunze kujibu "kwa nini hapa?"

Kontua (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mitihani inakaribia na kila nikipita naona maswali yaleyale: nisome mada zipi, niache zipi, nani ana desa fupi. Nimefundisha Jiografia na kusahihisha insha za wanafunzi kwa miaka mingi, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu. Wenye la kuongeza waongeze, wenye swali waulize.

Msimamo wangu ni huu. Katika ngazi hii, mtahini anajua kwamba unajua volkano ni nini. Anachotaka kuona ni kama unaweza kueleza kwa nini jambo limetokea pale, kwa nini halikutokea jirani yake, na nini kingebadilika kama sababu moja ingeondolewa. Mwanafunzi mwenye pointi kumi za kukariri hupitwa na mwenye pointi nne anazoweza kuzieleza hadi mwisho. Nimeliona hili kila msimu wa kusahihisha.

Chukua swali la aina hii: "Ukubwa wa tetemeko la ardhi ndio unaoamua ukubwa wa maafa. Jadili." Wengi wataanza na maana ya tetemeko, watachora kitovu, kisha orodha: vifo, majengo kuanguka, moto, magonjwa ya mlipuko. Kurasa mbili zinajaa na swali bado halijaguswa.

Sasa mwangalie mwenye mifano miwili tu aliyoielewa. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, ukubwa 7.0. Chile, tarehe 27 Februari mwaka huohuo, ukubwa 8.8. Kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni ongezeko la nishati la takriban mara 32, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 525. Haiti makadirio yanaanzia watu 100,000 na mengine yanavuka 300,000.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Chanzo cha tetemeko la Haiti kilikuwa kina kifupi, takriban kilomita 13 chini ya ardhi, na kitovu chake kilikuwa kama kilomita 25 tu kutoka Port-au-Prince, mji mkuu uliosongamana watu, wenye nyumba za zege dhaifu zilizojengwa bila usimamizi. Lile la Chile lilitokea pwani, mahali ambapo bamba la Nazca (kipande kikubwa cha gamba la dunia) linazama chini ya bamba la Amerika Kusini, katika nchi iliyopigwa na tetemeko la 9.5 mwaka 1960 na kukaza sheria za ujenzi baada ya hapo. Kisha unageuza upande wa pili: ukubwa bado una nafasi yake, kwa sababu ni tetemeko kubwa la chini ya bahari lililozaa tsunami iliyoua watu wa pwani ya Chile, na hakuna nguzo ya nyumba inayozuia tsunami. Ukifika hapo umejadili. Hitimisho linajiandika lenyewe: ukubwa huweka kiwango cha hatari, lakini kina, umbali, ubora wa majengo na utawala ndivyo vinavyoamua wangapi wanakufa.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni karatasi tupu. Funika daftari. Andika chanzo upande wa kushoto, matokeo upande wa kulia, jaza katikati kwa mishale. Sharti ni moja: kila mshale lazima uwe na kitenzi. Mshale usio na kitenzi ni mahali ambapo hujaelewa, na ndipo pa kurudi kusoma.

Mfano wa Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, ambayo mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mashamba ya pamba yalipanuliwa → yakahitaji umwagiliaji → mifereji ikageuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya → maji yanayoingia ziwani yakawa machache kuliko yanayovukizwa na jua → kina kikashuka na chumvi ikakolea → samaki wakafa → miji ya wavuvi kama Moynaq ikaachwa mbali na maji → sakafu ya ziwa ikabaki wazi, imejaa chumvi na mabaki ya dawa za mashambani → upepo ukarusha vumbi hilo hadi mashambani na kwenye mapafu ya watu. Halafu mshale wa kurudi: bwawa la Kokaral lililokamilika mwaka 2005 lilizuia maji ya Syr Darya upande wa kaskazini, kina kikapanda, uvuvi ukaanza tena. Upande wa kusini haukupata maji hayo. Mnyororo huo mmoja unajibu maswali ya umwagiliaji, kuenea kwa jangwa, mito inayovuka mipaka, hata usimamizi wa maliasili.

Nawasilisha, tuendelee.


Mto Mkavu

Mkuu, ubarikiwe kwa nondo hizi. Swali langu ni kuhusu mifano. Nina daftari zima la mifano kutoka pembe zote za dunia, kila mada na mifano yake. Nikikaa kuandika insha inanichanganyikia, naiweka tarehe ya Japani kwenye tetemeko la Mexico. Nipunguze au nikaze kukariri?


Kontua

Punguza, tena bila huruma. Kigezo cha kubakiza mfano ni kimoja: je, unabeba mada zaidi ya moja? Ule unaotumika kwenye swali moja tu, uache, labda kama hakuna mbadala.

Bangladesh ni mfano ninaoupenda kwa sababu hii. Nchi ya delta, ardhi tambarare, watu wengi, Ghuba ya Bengal inayozidi kuwa nyembamba kuelekea kaskazini na kusukuma maji ya dhoruba kujaa juu. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha mwaka 1991 kiliua takriban 138,000. Sidr, mwaka 2007, kikiwa kimbunga kikali sana, kiliua watu kati ya 3,000 na 4,000 hivi. Bahari ni ileile, tambarare ni ileile, na idadi ya watu iliongezeka. Kilichobadilika ni mfumo wa tahadhari, majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu ya nguzo, watu wa kujitolea wanaopita vijijini kutoa onyo, na mikoko iliyolindwa pwani. Mfano huo unajibu maswali ya vimbunga, ya udhibiti wa maafa, ya idadi ya watu, ya mabadiliko ya tabianchi. Ukiulizwa kama umaskini unaifanya nchi ishindwe kabisa kujikinga, una jibu lenye takwimu.

Uweke pia mmoja ambapo tahadhari ilikuwepo na haikufuatwa. Volkano ya Nevado del Ruiz nchini Colombia, Novemba 1985. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Joto liliyeyusha theluji na barafu ya kileleni, maji yakachanganyika na majivu, tope likashuka kwenye mabonde ya mito na kuufunika mji wa Armero usiku. Walikufa watu wapatao 23,000, na ramani ya hatari iliyoonyesha njia ya tope hilo ilikuwa tayari imechorwa kabla. Kila nikisoma habari hiyo inaniuma. Ukiiweka kando ya Bangladesh, una insha kamili.

Kuhusu kuchanganya tarehe: mwaka na takwimu moja au mbili kwa kila mfano zinatosha. Mtahini hatafuti tarehe na saa.


Dira

Naomba nipingane kidogo na mleta uzi. Kuna sehemu inabidi ukariri tu, hakuna namna. Hizi nadharia: von Thünen wa mwaka 1826 (kanda za kilimo kuzunguka soko), Weber 1909 (mahali pa kuweka viwanda), Burgess 1925 (duara za mji), Christaller 1933 (mpangilio wa miji na masoko). Dunia imebadilika, hakuna mji unaofanana na duara zile. Mimi nakariri mchoro, naandika faida na hasara zake, nasonga mbele. Kupoteza wiki nzima kuzielewa ni kujitesa.


Kontua

Dira, nakuelewa, lakini hapo ndipo watu wengi wanapoacha alama mezani. Ukikariri orodha ya hasara utaandika "imepitwa na wakati", na hiyo haina uzito. Kariri masharti aliyoyaweka mwandishi, hasara utazitunga mwenyewe ukiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Von Thünen aliweka nchi iliyojitenga, tambarare, rutuba sawa kila mahali, soko moja katikati, usafiri wa aina moja unaogharimu kadiri ya umbali. Masharti hayo yote yakitimia, unapata duara. Sasa ondoa moja. Weka mto unaopitika kwa mashua: gharama ya usafiri inashuka kando ya mto, na kanda za kilimo zinarefuka kuufuata. Weka magari yenye majokofu: maziwa na mboga hazilazimiki tena kulimwa au kufugwa jirani na mji. Ongeza soko dogo la pili: linajitengenezea kanda zake. Kila sharti unaloondoa ni aya nzima ya tathmini.

Burgess naye alikuwa anautazama mji wa Chicago uliokuwa unapokea wahamiaji kwa wingi. Hoyt, mwaka 1939, aliona barabara kuu na reli zinaikata duara kuwa vipande. Harris na Ullman, mwaka 1945, wakaona mji una vitovu zaidi ya kimoja. Wasome kwa mfululizo huo, kila mmoja akimjibu aliyetangulia, na hutawasahau.


Dira

Hapo kwenye masharti umenigusa. Nakubali. Nitajaribu na Malthus na Boserup kwa njia hiyohiyo.


Kontua

Vizuri sana. Na hao wawili usiwaandike kama maadui. Malthus, mwaka 1798, alishikilia kwamba idadi ya watu hukua haraka kuliko chakula, hadi njaa, magonjwa na vita viirudishe chini. Boserup, mwaka 1965, alisema msongamano wa watu ndio unaowasukuma wakulima kubuni: kupunguza muda wa kuiacha ardhi ipumzike, kumwagilia, kuweka mbolea. Uliza: teknolojia ikichelewa, nani anakuwa sahihi? Ardhi ikichoka kabla ya ubunifu kufika, je? Swali hilo linakupa insha yenye uzito.


Njia Panda

Jamani, insha naziweza. Kinachoniua ni pepa la vitendo: ramani na takwimu. Nikiona kontua, ile mistari ya kimo kwenye ramani, napaniki. Nani anisaidie kwa lugha rahisi?


Upepo wa Kusi

Njia Panda, tulia, hapo ndipo penye alama za uhakika kuliko mahali pengine popote. Insha inategemea macho ya msahihishaji. Hesabu ya mteremko ikiwa sahihi ni sahihi.

Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita 1 ardhini. Liweke hilo kichwani, litakuokoa mara nyingi.

Mteremko: umepewa kilele A chenye mita 1,620 na daraja B kwenye mita 1,380. Tofauti ya kimo ni mita 240. Pima umbali kwa rula, tuseme sentimita 6.4, ambazo ni kilomita 3.2, yaani mita 3,200. Gawanya 240 kwa 3,200, kisha iweke kama moja kwa kitu: 1 kwa 13.3. Maana yake unapanda mita moja kila unapotembea mita 13 hivi. Makosa yanayojirudia ni kuacha umbali katika kilomita huku kimo kikiwa katika mita, na kutoandika njia. Andika kila hatua, maana hata jibu la mwisho likikosewa, hatua nazo zinaweza kuwa na alama zake.

Ukuzaji wa wima (kimo kimekuzwa mara ngapi kuliko umbali) kwenye mchoro wa mkato: gawanya skeli ya mlalo kwa skeli ya wima. Kama ramani ni 1:50,000 na wewe umechagua sentimita 1 iwakilishe mita 50 kwenda juu, wima yako ni 1:5,000. 50,000 kwa 5,000 ni mara 10. Ukichagua sentimita 1 kwa mita 20, unapata mara 25, na kilima cha kawaida kitaonekana kama sindano. Kwa hiyo chagua skeli ya wima kwa kuangalia kwanza kimo cha chini na cha juu kabisa kwenye mstari wako.

Kabla hujapima chochote, kaa dakika mbili unaisoma ramani. Kontua zilizobanana ni mteremko mkali, zilizoachana ni ardhi ya kulala. Zikitengeneza V inayoelekeza ncha kwenye kimo kikubwa, hapo ni bonde, na mara nyingi utaona mto ndani yake. Ncha ikielekea kwenye kimo kidogo, hiyo ni bega la mlima. Ukishaona hivyo, swali la "kwa nini makazi yako hapa" linajijibu: barabara zinafuata bega, nyumba zinakaa sehemu iliyoinuka kuliko tambarare ya mafuriko, mashamba yanafuata udongo wa bondeni.


Upepo wa Kusi

Naendelea, takwimu. Ya Spearman, ya kupima uhusiano kati ya vitu viwili: moja, toa mara 6 ya jumla ya miraba ya tofauti za ngazi iliyogawanywa kwa n³ toa n, ambapo n ni idadi ya jozi. Tuseme mmepima mawe kwenye vituo 10 vya mto, umbali kutoka chanzo na kiwango cha mviringo wa mawe. Umepanga ngazi, umetoa, umepiga miraba, jumla ni 42. Mara 6 ni 252. n³ toa n kwa 10 ni 1,000 toa 10, yaani 990. 252 kwa 990 ni 0.25. Moja toa hiyo ni 0.75. Kwa jozi 10, kwenye kiwango cha 0.05 cha pande mbili, unatakiwa ufikie 0.648. Umevuka, kwa hiyo uhusiano huo si rahisi uwe wa bahati tu. Ukipata namba inayozidi 1 au iliyo chini ya -1, rudi nyuma, hesabu imeharibika mahali.


Kontua

Upepo wa Kusi, ahsante sana, hiyo ni darasa tosha. Naongeza jambo moja tu. 0.75 ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kueleza kwa nini mawe yanakuwa mviringo kadiri mto unavyoshuka: yanagongana na kusagana njiani, pembe zinavunjika. Na useme pia kwa nini haikuwa 1 kamili. Labda kijito kimeingia katikati na kuleta mawe mapya yenye pembe. Takwimu bila mchakato haijawa Jiografia bado.


Mto Mkavu

Na michoro je? Mwalimu wetu anasisitiza tuchore kila insha, mimi naona inakula muda.


Kontua

Chora pale ambapo mchoro unafupisha maneno. Grafu ya mafuriko ni mfano mzuri: mvua kwa nguzo, mtiririko wa mto kwa mstari, na muda kati ya kilele cha mvua na kilele cha mto. Chora mistari miwili kwenye grafu moja, wa msitu na wa mji. Wa mji unapanda ghafla na kilele chake kinawahi, kwa sababu lami na mifereji inapeleka maji mtoni kabla hayajapata nafasi ya kuzama. Mchoro huo unakuokolea aya nzima, ilimradi uandike maelezo juu yake. Mchoro mtupu usio na maelezo hausaidii.

Kwa pwani, fanya mazoezi ya Holderness, Uingereza. Miamba ya udongo laini ulioachwa na barafu, inayorudi nyuma karibu mita 2 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 1991 kijiji cha Mappleton kilijengewa kuta mbili za mawe zinazoingia baharini. Mchanga ukajaa mbele ya kijiji, kijiji kikasalimika. Lakini mchanga huo ulikuwa unasafiri kuelekea kusini, na ulipozuiwa, miamba ya kusini ilikosa ufukwe wa kuikinga na mmomonyoko ukaongezeka huko. Chora pwani, weka mshale wa mwelekeo wa mchanga, weka kuta mbili, onyesha ufukwe mpana kaskazini na mwembamba kusini. Dakika chache tu, na umeonyesha kwamba kulinda sehemu moja ni uamuzi unaomgusa wa jirani.


Dira

Ratiba ya wiki za mwisho unashauri vipi?


Kontua

Sina ratiba ya kumfaa kila mtu. Ila kila siku jibu swali moja la mtihani uliopita kwa muda halisi, kwa kalamu, bila daftari. Kama pepa ni la saa tatu na maswali matano, una dakika 36 kwa kila swali pamoja na kufikiri. Likikushinda, ndilo la kusoma siku inayofuata. Kusoma tena daftari ulilopigia mistari kunakufanya ujisikie unajua, basi.


Njia Panda

Nimejaribu moja la hali ya hewa, naomba mnisahihishie. Hewa iko usawa wa bahari, nyuzi 20. Inapanda mlima wa mita 3,000, mvuke unaanza kugeuka matone kwenye mita 1,000. Nimetumia nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 kwa hewa kavu na nyuzi 6 kwa iliyoshiba mvuke. Kwenye mita 1,000 ni nyuzi 10. Kutoka hapo hadi kileleni inapoa nyuzi 12, inakuwa -2. Ikishuka upande wa pili ikiwa kavu, mita 3,000 ni nyuzi 30, inafika chini ikiwa nyuzi 28. Jibu langu: inafika chini ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 8.


Kontua

Hesabu iko sawa kabisa. Sasa jaza mshale wako kwa kitenzi: nyuzi 8 zimetoka wapi? Mvuke ulipogeuka matone uliachia joto fiche ndani ya hewa, ndiyo maana ilipoa taratibu kwa mita 2,000 za juu. Matone yakaanguka kama mvua upande wa kupandia, kwa hiyo wakati wa kushuka hapakuwa na maji ya kuvukizwa ili kulirudisha joto lile. Tofauti ya nyuzi 4 kwa kila mita 1,000, mara mita 2,000, ndiyo nyuzi 8 zako. Andika hivyo chini ya hesabu, kisha ongeza mstari mmoja juu ya uoto: msitu upande wa mvua, nyasi kavu upande wa pili. Ukimaliza, rudia swali hilohilo mvuke ukianza kugeuka matone kwenye mita 2,000 badala ya 1,000, utuletee jibu hapa pamoja na sababu ya tofauti kupungua.